Shimo la Mwanzo katika Nchi ya Usiguse

Watu humuuliza Ngwali bin Shehe alifikaje Usiguse, naye huwajibu kwamba mtu aliyezoea kuingia mashimoni siku moja hutokea upande asioutarajia. Tumwachie jibu lake. Alikuwa mchimba visima, mwenye vidole vinane na utani wa vidole ishirini, na alipofika mpakani mwa nchi ile jambo la kwanza alilofanyiwa ni kuvuliwa viatu na kupanguswa miguu.

Maafisa wawili walimshika, mmoja mguu huu, mwenzake mguu ule, kila mmoja na brashi yake ya waya. Vumbi lililotoka lilitiwa katika bahasha mbili ili lirudishwe lilikotoka.

"Limetoka wapi?" akaulizwa.

"La mguu wa kulia limetoka nchi saba," akasema Ngwali. "La kisigino cha kushoto ninalo tangu jandoni."

Afisa hakucheka. Aliandika juu ya bahasha: kisigino cha kushoto, tangu jandoni.

Ukitaka kuijua Usiguse, anza na imani yake, kwa kuwa imani ndiyo sheria yao. Wanasema hapo Mwanzo Nchi ilikuwa peke yake, safi, imetulia kama sahani iliyooshwa ikafunikwa. Kisha vikaja vilivyo hai, vikaanza kugusa. Tangu hapo kila uchafu, kila ufa na kila kilima kisichokaa sawa ni kazi ya wageni hao, na wajibu wa raia mwema ni kugusa kidogo iwezekanavyo mpaka Nchi irudi ilivyokuwa. Kwa hiyo watu wale hutembea juu ya mawe bapa yaliyopangwa njiani. Mkulima huiomba ardhi radhi kabla ya kila pigo la jembe. Jani likianguka, nyumba iliyo karibu lazima iliokote kabla halijaoza, maana jani likioza huwa udongo, na udongo mpya ni kosa. Kuku akiparua hufungiwa siku tatu. Mchwa husomewa ilani kila mwaka mbele ya kichuguu chao, na karani huandika kwamba wamesikia.

Matokeo yake mashamba yao yalikuwa membamba kama nywele za kipara, na watu wenyewe walikuwa wapole, wakondefu, wenye adabu ya kutisha. Ngwali aliwapenda. Alikuwa amepita nchi ambako watu hugusa kila kitu mpaka kikavunjika, wakaambiana ni maendeleo. Hapa angalau, alisema moyoni, wanakosea kwa heshima.

Siku ya tatu aliitwa Idara ya Mwanzo. Mkuu wa Idara, Mheshimiwa Mizani, alikuwa mzee mrefu, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu ambaye hajawahi kupotea njia kwa sababu hajawahi kutoka nyumbani.

"Tumesikia wewe ni fundi wa kuchimba," akasema. "Tunataka utuchimbie."

"Maji yako futi ngapi huku, mheshimiwa?"

"Si maji. Mwanzo."

Ngwali alitaka kucheka, akaona hakuna wa kumsaidia, akaacha. Maisha yalikwisha kumfunza kwamba mwenye njaa haulizi kazi jina lake.

Mizani akamweleza. Chini ya miguu yao, chini ya tabaka zote zilizochafuliwa, lazima liko tabaka ambalo Nchi ilikuwa bado peke yake. Likipatikana, itajulikana Nchi yenyewe ikoje, na hukumu itatolewa. Hukumu ilikwisha chongwa juu ya kibao cha jiwe, ikingoja sahihi tu. Kwa sheria, Mkuu lazima aiweke sahihi kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amekaa ndani ya tabaka la Mwanzo. Akishasaini, kengele itapigwa, na usafishaji utaanza na mchafuzi wa kwanza kabisa.

"Naye ni nani?"

"Ukoga wa ziwani," akasema Mizani, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa mbele ya wageni.

Ngwali alikwenda kuutazama jioni ileile. Ziwa lenyewe halikuwa kubwa, na maji yake yalionekana mpaka chini. Kandokando yake yalijaa mawe ya duara, mafupi kama viti vya jikoni, kila moja limevaa utando wa kijani unaoteleza. Ufukweni yalipangwa makapu arobaini ya chokaa, na kila kapu lina mbebaji wake amekaa pembeni akingoja kengele. Katikati ya mawe, maji yakiwa magotini, alisimama mwanamke wa makamo akikwangua kwa bati.

"Wewe ndiye mchimbaji?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ndiye, mama. Na wewe?"

"Mimi ndiye mswaki." Akainuka, akashika kiuno. "Mama Tindi. Mkwanguaji wa serikali. Mama yangu alikwangua, bibi yangu alikwangua. Mimi nina miaka arobaini na moja humu majini. Kila jioni nauondoa, kila asubuhi umerudi."

"Huchoki?"

"Nilichoka mwaka wa pili. Miaka mingine hii nimekuwa nikitazama tu. Njoo, vua viatu. Ah, umeshavuliwa."

Alimpeleka kwenye jiwe moja ambalo hakulikwangua. Juu yake alikuwa amesimamisha chupa ya kioo, mdomo chini, ambayo asubuhi ilijaa maji. Sasa nusu yake ilikuwa tupu, na viputo vidogo kama punje za mtama viliendelea kupanda kutoka kwenye ukoga, kimoja kimoja, bila haraka. Mama Tindi aliziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akaitoa, akaigeuza. Kisha akachukua kijiti ambacho moto wake ulikwisha zimika, limebaki kaa jekundu nchani, akakitumbukiza ndani.

Kijiti kikawaka. Mwali mweupe uliruka ndani ya chupa, mwangavu kuliko moto wowote aliowahi kuuona Ngwali juu ya kijiti cha namna ile. Alirudi nyuma, akaketi majini juu ya ukoga.

"Wengi hukaa hivyohivyo," akasema Mama Tindi. "Unajua hiyo ni nini? Ndiyo unayovuta puani. Siku hizi miti inatoa, na mimea ya bahari inatoa. Lakini nadhani aliyeanza ni huyu."

"Unadhani?"

"Nitajuaje? Sijawahi kushuka chini. Wewe ndiye unayekwenda, utakuja kuniambia."

Ngwali aligeuka akayatazama makapu. "Mama, mimi nikiupata Mwanzo wao, makapu yale yanamwagwa humu."

"Najua."

"Naweza kusema sijaupata."

"Usidanganye. Ukidanganya watamleta mwingine ambaye hata chupa hakuona. Chimba, useme ulichokiona." Kisha, kama mtu anayeogopa kusifu mno, alizamisha bati lake kwenye tope jeusi chini ya jiwe, akalipindua. Uvundo ulipanda, uvundo wa mayai yaliyooza. "Na usije ukaniimbia kwamba ukoga ni mtakatifu. Kuna vilivyo hai humu topeni visivyoweza kustahimili hiyo pumzi ya chupani. Ni sumu kwao. Nafikiri wao ndio waliokuwa wenye nyumba kabla yake. Ulipoanza kupumua, waliokufa walikufa, waliobaki wakajificha gizani, na wamejificha mpaka leo. Huyu unayemwona mpole hivi aliwahi kuuchoma ulimwengu bila moto."

Kesho yake Ngwali alianza kuchimba.

Mdomo wa shimo ulikuwa na karani wake, Bwana Tuli, mtu mfupi aliyevaa miwani na asiyeruka mstari. Kazi yake ilikuwa kumuuliza kila anayeshuka swali moja: "Umechukua chochote kilichotoka kwa kilicho hai?" Mwanzo ni safi, haustahili kuletewa uchafu. Mshipi wa ngozi ukakataliwa. Sururu ya mpini wa mti ikakataliwa, akapewa ya chuma kitupu. Kamba ya katani ikawa mnyororo. Kanzu ya pamba nayo ikavuliwa, akavishwa ya nyuzi za shaba na kofia ya namna hiyohiyo, ikawa akipiga hatua analia kama sanduku la vijiko. Kandili iliruhusiwa kwa hoja kwamba mafuta yake yanatoka miambani, na Ngwali, aliyekuwa na mashaka yake kuhusu mafuta yale, hakuona sababu ya kuyasema.

"Na mimi mwenyewe, Bwana Tuli? Mimi niko hai, nadhani."

Tuli alifungua kitabu, akakisoma kurasa mbili. "Wewe ni mtumishi wa Idara. Pita."

Kila tabaka jipya lilipofikiwa, Baraza zima la Idara lilishuka na viti vyake vya chuma, kukaa humohumo na kujadili kama ndipo. Mafundi wa nchi ile walipanga vioo kuanzia mdomoni hadi chini, jua likashuka likipokezanwa, hivyo shimo lilikuwa na mchana wake.

Tabaka la kwanza lilikuwa udongo mweusi, kina cha kiuno cha mtu. Mizani aliutazama kwa huzuni. Mizizi, nyungunyungu, majani ya miaka ambayo babu zao walishindwa kuokota. "Uchafu," akasema, na Baraza likakubali. Ngwali alifinya konzi moja, akanusa harufu ya mvua, akafikiri kwamba uchafu huo ndio pekee uliokuwa ukiwalisha. Hakuulizwa.

Chini ya udongo walikuta jiwe jeupe, na hapo Baraza likapiga makofi. Jiwe jeupe ndilo walilojengea nyumba zao zote, kwa sababu lilikuwa safi, halina uhai.

"Mwanzo," akasema mjumbe mmoja. "Tunaweza kumaliza kabla ya chakula cha mchana."

Ngwali alitema mate juu ya ukuta, akausugua kwa kidole.

"Fundi, una adabu kweli?" akauliza Mizani.

"Samahani, mheshimiwa. Sogea hapa. Unaona nini?"

Mizani akainama. Mahali paliposuguliwa palikuwa na kombe dogo, limepinda vizuri kama sikio la mtoto. Pembeni yake lingine. Juu yake mifupa ya matumbawe, chini yake vipande, vumbi la vipande, na hakuna hata upana wa ukucha ambao haukuwahi kuwa nyumba ya mtu.

"Kwetu kisiwa kizima kiko hivi," akasema Ngwali. "Wadudu wa baharini huchukua chokaa iliyoyeyuka majini, hujijengea vijumba, hufa humo, na wengine hujenga juu yao. Nimezaliwa juu ya kaburi, mheshimiwa, na sikujua mpaka nilipoanza kuchimba."

"Na chokaa hiyo huingiaje majini?"

"Mvua huilamba milimani. Na milima yenyewe mingi ni hilihili jiwe, limeinuliwa. Linateremka, linavaliwa, linakufa, linakuwa mlima tena."

Kuna mjumbe aliyetoa leso ya shaba akafuta kiti chake, kisha akagundua hajui anafuta nini. Ngwali alipima jiwe jeupe kwa mnyororo. Lilikuwa urefu wa watu kumi na sita, mmoja amesimama juu ya kichwa cha mwingine.

"Wamechukua muda gani?" Mizani akauliza.

"Hesabu babu yako, na babu yake, mpaka uchoke. Hapo umefika kwenye unene wa hilo kombe."

"Tuendelee chini," akasema Mizani. Sauti yake ilikuwa imepungua kidogo.

Waliendelea. Walikuta makaa ya mawe, na ndani yake majani yamelala bapa, mishipa yake yote ipo, kana kwamba yaliokotwa jana na raia mwema. Walikuta ukanda mwembamba wa mkaa halisi, wa kuni zilizoungua. Mizani akafurahi, kwa sababu moto kwa itikadi yao ni wa Nchi, ni msafi, hauna mzazi.

"Unakula nini, mheshimiwa, huo moto?"

"Kuni."

"Na unapumua nini?"

Ngwali alishuka, akachimba, akapanda, akashuka tena. Chini ya ukanda ule hakukuta mkaa mahali popote, si punje moja. Alikaa juu ya kisigino chake akawaza: radi zilipiga huko. Miaka isiyohesabika radi ilipiga nchi kavu, ikapiga, na hakuna kilichoshika. Moto wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Ulingoja majani, na majani yalingoja wengine. Yeye aliyezoea kulala popote hakupata usingizi siku ile.

Halafu wakafika kwenye mawe yenye mistari.

Ngwali ndiye aliyeyaona kwanza, na kwa muda mrefu hakuwaita wengine. Ukuta ulikuwa mwekundu, kisha wa kijivu, kisha mwekundu, kisha wa kijivu, mstari juu ya mstari, mwembamba kama uzi hapa, mnene kama mkono pale, ukishuka na kushuka chini ya mwanga wa vioo kama kikoi kilichofumwa na mtu asiyejua kuchoka. Alilamba kidole, akagusa wekundu, akaonja. Kutu.

Baraza liliposhuka lilimkuta amevua kofia.

"Hiki ni chuma," akawaambia. "Chuma kilichooza. Nimefukia na kufukua vyuma maisha yangu yote, wazee wangu, na jambo hili nalijua kama ninavyojua njaa: chuma hakipati kutu bila pumzi. Kilikuwa kimeyeyuka baharini, bahari nzima, kimetulia. Kisha kuna aliyekipulizia. Akapulizia, kikashika kutu, kikazama. Akanyamaza. Akapulizia tena."

"Nani?" akauliza Mizani.

"Sijui. Lakini chuma chote cha baharini ilibidi kishike kutu kwanza, ndipo pumzi ikapata nafasi ya kutoka nje ikatufikia sisi. Mtu yule alipulizia bila kupata kitu kwa miaka ambayo sina neno lake."

Hakuna aliyezungumza. Bwana Tuli, ambaye hakuwahi kushuka, alisikia kimya hicho kutoka juu akadhani wamekufa, akaita majina yao kwa orodha.

Siku ya tisa wekundu uliisha. Sururu ya Ngwali ilizama kwenye jiwe la kijivu tupu, lisilo na kutu hata chembe, baridi, tulivu. Pumzi ilianza kumpungukia, akapanda kutoa taarifa, na alipoitoa aliona machozi machoni mwa Mizani, akajua nini kinafuata.

"Ndio wenyewe," akasema Mizani. "Leteni kibao. Waambieni wabebaji wajiandae."

"Ngoja, mheshimiwa. Taa ishuke kwanza."

Alifunga kandili kwenye mnyororo, akaiteremsha. Mwanga wake ulipita mawe meupe, ukapita makaa, ukapita mistari. Ulipofika kwenye kijivu ukajikunja, ukawa wa buluu, ukafa. Akaiteremsha mara ya pili. Ukafa palepale.

"Hamna pumzi kule. Ninyi hamjui, mimi najua. Kaka yangu Mbarawa alishuka kisima cha futi thelathini tu, taa ikiwa imezimika, kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi kula. Tulimpandisha amekaa, kama anafikiri."

"Kaka yako alishuka kwenye kisima kichafu," akasema Mizani kwa upole. "Huu ni Mwanzo. Nchi ilipokuwa peke yake haikuwa na sababu ya kumuua mtu."

"Haikuwa na sababu ya kumfuga pia."

Lakini Mizani alikwisha kanyaga ngazi. Alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Kwenye vioo walimwona akifika chini, akikaa kwenye kiti chake cha chuma, kibao mapajani, msumari wa kusainia mkononi. Aliinua uso akatabasamu kama mtu aliyefika kwao. Akasema neno ambalo halikufika juu. Kisha msumari ukamponyoka, naye akaufuata.

"Majani," Ngwali akasema. "Matawi, haraka. Tuyafunge mnyororoni, tuyapandishe na kuyashusha, yakoroge hewa ishuke."

Bwana Tuli alisimama mbele ya mdomo wa shimo, mikono imetanuka, jasho likimtiririka. "Majani hayaruhusiwi. Fundi, nihurumie, hayaruhusiwi. Kitabu kiko wazi."

Mama Tindi, aliyekuwa amekuja kusikia habari za ziwa lake, alikuwa tayari na tawi zima la mkuyu begani. Hakubishana. Alimsukuma Tuli pembeni kwa kiwiko, akasema, "Basi niandike," akalifunga tawi.

Tawi lilishuka na kupanda, likishuka linasukuma pumzi ya juu, likipanda linazoa ile ya chini, kama mtu anayepepea jiko. Ngwali alijaza kifua, akashuka ngazi nyuma yake. Alimfunga Mizani mnyororo makwapani. Kichwa kilikuwa kikimzunguka, na ukuta wa kijivu ulimjia usoni, karibu kabisa, umemulikwa na kioo. Hapo ndipo alipouona. Katika jiwe lile tupu kulikuwa na mistari mingine, myembamba kama nywele, imepinda juu kisha chini, juu kisha chini, utando juu ya utando, kifuniko juu ya kifuniko, umbo la viti vya jikoni. Aliujua ukoga ule. Alikuwa ameukalia.

Waliwavuta wote wawili. Waliwalaza ufukweni mwa ziwa kwa sababu ndipo palipokuwa karibu, pua zao usawa wa maji.

Ngwali alipoweza kusema alimwambia Mama Tindi peke yake. "Uko kule. Chini ya kutu. Uko kule kabla ya yote, unapulizia."

Mama Tindi alikaa. Aliliangalia bati lake la kukwangulia muda mrefu, kama linavyoangaliwa jino lililong'oka.

"Na chini yake?" akauliza.

"Jiwe. Na uko ndani ya jiwe, mama, na jiwe liko ndani yake. Nilitafuta pa kuingiza ukucha kati yao, sikupata."

Kesho yake Baraza lilikutana kwenye mdomo wa shimo. Ngwali alieleza aliyoyaona, na wajumbe wakayabishania asubuhi nzima. Wengine walisema mistari ya nywele si ushahidi, wengine kwamba ukoga uliokufa zamani hiyo umeshakuwa Nchi na unastahili heshima, ila ule wa ziwani, kwa kuwa bado uko hai, ni mchafu. Hoja hii ilipata wafuasi wengi. Mwishowe Mizani, uso wake ukiwa bado wa majivu, aliinuka.

"Hukumu inahitaji sahihi," akasema. "Sahihi yangu ni herufi sita. Fundi amesema pumzi haipo chini, na majani hayaruhusiwi. Vema. Nitaibeba pumzi yangu mwenyewe. Nitabana, nitashushwa kwa mnyororo, nitasaini, nitapandishwa. Waambieni wabebaji wainue makapu."

Ufukweni makapu arobaini yaliinuliwa. Mama Tindi aliingia majini akasimama katikati ya mawe yake, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kusimama.

Mizani alishika mnyororo. Akafumba macho, akavuta hewa. Aliivuta polepole, kwa bidii ya mzee, kifua kikipanda chini ya kanzu ya shaba mpaka nyuzi zikalia, mashavu yakajaa, mabega yakainuka. Akaweka mguu kwenye ngazi.

Bwana Tuli akafungua kitabu chake.

"Umechukua chochote," akauliza, kama alivyomuuliza kila mtu kwa siku zote hizo, "kilichotoka kwa kilicho hai?"

Mizani alitikisa kichwa kukataa. Kisha kichwa kikasimama.

Alibaki pale, mguu mmoja ngazini, mashavu yamejaa, macho yakimtazama karani. Macho hayo yakateremka taratibu yakatazama kifua chake mwenyewe. Baraza lote likakitazama. Ngwali, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa neno la utani msibani wala sokoni, alitafuta moja, asilipate. Upepo ulitoka upande wa ziwa. Wote waliusikia, na kwa mara ya kwanza wakasikia ni upepo wa nini.

Uso wa Mizani ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Akaiachia ile pumzi. Ilitoka ndefu, ikitetemeka mwishoni, na alipomaliza alilazimika kuvuta nyingine, na nyingine, kwa sababu haikuwapo njia ya kuacha.

"Mheshimiwa," akasema Tuli, kalamu mkononi, "sijapata jibu. Nikuandike vipi?"

Mizani alishuka ngazini, akakaa chini juu ya udongo, si juu ya jiwe bapa, miguu yake imenyooka mbele kama ya mtoto.

"Andika nimekutwa na pumzi," akasema.

Tuli akaandika. Kwa kitabu chake, aliyekutwa na kitu hawezi kushuka, na asiyeshuka hawezi kusaini. Akakausha wino, akageuza ukurasa, akasita. Alivua miwani, akaweka kiganja kifuani mwake akasikiliza kikipanda na kushuka, kisha akaandika jina lake mwenyewe chini ya jina la Mkuu.

Mjumbe wa kwanza akasimama mbele ya karani. "Na mimi," akasema. Akafuata wa pili. Mstari ukaanza kurefuka kwenye njia ya mawe bapa, ukajaa, ukamwagika pembeni kwenye majani. Ufukweni wabebaji waliona watu wamejipanga, wakatua makapu wakaja kuuliza kuna nini, na walipoambiwa nao wakaingia mstarini. Chokaa ikabaki peke yake, haina wa kuimwaga.

Mama Tindi alipita na miguu yake inayochuruzika, akajipanga mwisho kabisa, akiwa na haki kama mtu mwingine yeyote. Ngwali akasimama nyuma yake, kofia mkononi, akingoja zamu yake.